Mtoto Achore, Simu Itumike

Maji yanywewayo Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, na chimbuko la Ruvu ni milima ya Uluguru. Mtoto wa Kinole au Mgeta anavijua vijito vyake kwa miguu yake mwenyewe. Lakini akishika simu ya mzazi wake, katuni nyingi azionazo ni za nchi za mbali. Hali hiyo yaweza kugeuzwa, na pa kuanzia ni darasani.

Njia ipo, wala si ya gharama kubwa. Mwaka 1994 kampuni ya Denso Wave ya Japani ilibuni alama ya QR, ule mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe tunaouona katika risiti za TRA. Mtoto auchore mto wake kwa penseli, kisha amuulize bibi yake habari za mto huo na kuzirekodi, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili. Mwalimu aiweke sauti hiyo mtandaoni na kuibandika alama yake pembeni mwa mchoro. Atakayeielekezea kamera ya simu atamsikia bibi akisimulia. Pasipo na mtandao, maneno machache huweza kutiwa ndani ya alama yenyewe, yakasomeka bila ya intaneti. Ila miraba mitatu ya pembeni isipakwe rangi, na ukingo mweupe uachwe. La sivyo simu haitaisoma.

Huu si mchezo. Mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ulizaa katuni za Tingatinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kitengenezwacho Dar es Salaam, kimefundisha hesabu kwa Kiswahili. Hizo ni kazi za watu wazima. Elimu ya Kujitegemea, aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, inatudai zaidi: mtoto mwenyewe afikiri na atende.

Kwa hiyo mashine isimchoree mtoto. Mchoro utangulie, chombo kifuate. Wala jina na sura ya mtoto visitiwe mtandaoni.

Nasi wa visiwani tuna misitu ya Jozani na Ngezi, na wazee wenye habari zake wanazidi kutuaga. Maofisa wa elimu wasingoje bajeti kubwa: simu moja ya mwalimu na printa ya ofisi vinatosha kuanzia.