Programu ya ofisi ikague barua-pepe kila baada ya dakika ngapi?

OMBI la mkopo lililotumwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni laweza kuandikwa na tarakilishi kuwa liliwasili saa kumi na moja na dakika tano, na mwombaji akaambiwa amechelewa ilhali alituma mapema.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo mjini Kakamega ambacho kimewatangazia walimu wa Malava, Butere na Mumias kwamba maombi yatapokewa kwa barua-pepe hadi saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa. Barua ya mwalimu haiingii moja kwa moja katika programu ya ofisi. Hutua kwanza kwenye seva, yaani mashine inayohifadhi visanduku vya barua, ambayo yamkini iko Nairobi au ng'ambo. Programu ya ofisi ndiyo huenda kuichukua, mithili ya tarishi anayetumwa posta. Tarishi akienda kila baada ya nusu saa, barua haina budi kumsubiri. Baadhi ya programu nazo huipiga barua mhuri wa saa ilipochukuliwa, si saa ilipofika.

Malalamiko yakizidi, fundi huombwa apunguze muda huo. Hapo ndipo wengi hukanganyikiwa, kwa kuwa aghalabu kuna saa mbili zinazotawala kazi hiyo.

Saa ya kwanza ni kroni, mratibu wa kazi katika mitambo ya jamii ya Unix tangu miaka ya 1970. Ya pili imo ndani ya programu yenyewe. Kroni huiamsha programu, nayo programu hujiuliza iwapo muda uliowekwa umetimia. Ikiwa kroni huiamsha kila baada ya dakika 30, kuandika 5 ndani ya programu hakuongezi kitu. Kinachotawala ni ule muda mrefu zaidi, na fundi asiyejua hilo atabadilisha tarakimu mchana kutwa bila kuona tofauti.

Kuna mtego mwingine, nao ni mdogo kwa macho. Katika nafasi ya dakika ya kroni, */10 humaanisha kila baada ya dakika 10. Mkwaju na nyota vikisahauliwa ikabaki 10 pekee, kazi hufanyika mara moja tu kwa saa, dakika ya kumi. Aliyekusudia kuharakisha huwa amechelewesha.

Mbona basi isiwe kila dakika? Safari moja kila dakika ni safari 1,440 kwa siku. Kila baada ya dakika tano ni 288. Tuseme kila safari hutumia kilobaiti 10 hata kisanduku kikiwa kitupu. Kwa siku 30, ratiba ya kila dakika itameza megabaiti 432, ile ya dakika tano takriban 86. Kwa ofisi inayonunua vifurushi vya data, tofauti hiyo huonekana.

Gharama hata hivyo si tatizo kubwa zaidi. Itifaki ya POP3, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1996, hufunga kisanduku safari moja inapoendelea, na safari ya pili hukataliwa. Isitoshe, barua iliyowekewa alama ya kufutwa haifutwi hadi programu iage rasmi. Mtandao ukikatika au stima ikipotea kabla ya kuaga, barua zile zile huchukuliwa upya na ombi moja likawa mawili. Muda kati ya safari, basi, sharti uzidi ule wa safari ndefu kuliko zote.

Wakenya wameishi na ratiba ngumu kuliko hizi. Mapema katika miaka ya 1990, barua-pepe za mashirika yaliyohudumiwa na kituo cha ELCI jijini Nairobi zilikusanywa, kisha zikabadilishwa na GreenNet ya London kwa simu zilizopigwa nyakati maalumu. Setelaiti ya HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993 kwa ajili ya mawasiliano ya kiafya, ilipita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku, na hakuna fundi aliyeweza kuiharakisha. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kutumika mwaka 2009.

Tangu mwaka 1997 pia kuna njia ya kuepuka safari hizi katika itifaki ya IMAP. Kwa amri ya IDLE, programu hukaa imeunganishwa na seva ikaijulisha barua mpya inapoingia. Njia hiyo yahitaji mtandao usiokatika-katika, na si kila programu inayoimudu.

Pale ambapo barua husomwa na karani, dakika tano hadi kumi zatosha. Hakuna karani anayejibu kila dakika. Lakini kwa mwalimu wa Malava, hata dakika moja haiondoi dhuluma mradi mhuri ni wa saa ya kuchukua. Saa ya kutegemewa ni ile ambayo seva iliyopokea barua iliandika kwenye vichwa vyake vilivyofichika, wala si ile ya tarakilishi ya mtumaji, ambayo huenda ina makosa. Karani aisome kwa makini: seva ya ng'ambo yaweza kuandika 13:50 kwa saa za Greenwich, na Kenya iko mbele kwa saa tatu.