Kioo Kinachojua Kuandika

Chukua kikokotoo cha bei rahisi, kile ambacho watu wa Bukavu hukiita kalkilatrisi. Andika 1818, kisha kigeuze juu chini: BIBI. Andika 1706, kigeuze tena: GOLI. Ni mchezo wa watoto, lakini ndani yake limo swali linalowasumbua wasimamizi wa mitihani: kioo hiki kinaweza kusema maneno mangapi?

Cha rahisi hakisemi mengi. Kila tarakimu huundwa kwa vijiti saba, na kila kijiti ama huonekana ama hufichika. Hapo hupatikana maumbo 128, mengi yakiwa hayasomeki kwa lugha yoyote. M na W hazitoki kabisa. Mwanafunzi anayetaka kuficha humo maelezo ya historia atachoka kabla ya kufika kwa Leopold wa Pili.

Mambo yalibadilika vioo vya nukta vilipoingia. Casio fx-7000G ya mwaka 1985, kikokotoo cha kwanza kuchora grafu, ilikuwa na nukta 96 kwa 64, yaani 6,144. Nukta 35 tu, tano kwa saba, zinatosha kuunda herufi yoyote ya alfabeti. Kumbukumbu yake ya programu ilikuwa baiti 422, hata ukurasa wa daftari haujai. Lakini kanuni za trigonometria hazihitaji ukurasa.

Programu zenyewe zilitangulia kioo hicho. HP-65 ya mwaka 1974 ilisoma programu za hatua 100 kutoka kwenye vikadi vya sumaku. Kioo chake kilikuwa cha vitaa vyekundu vya LED, vinavyong'aa hata gizani na kunywa betri kama mlevi. Vikokotoo vya leo vingi hutumia kioo cha kimiminika, LCD, ambacho hakitoi mwanga wowote. Kati ya vioo viwili vyembamba kuna kimiminika ambacho molekuli zake zimejipanga kama ngazi ya kuzunguka, na mwanga unaopita hupindishwa robo duara. Umeme kidogo ukigusa sehemu fulani, ngazi hunyooka, mwanga huzuiwa na kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, nawe unaona kijiti cheusi. Vaa miwani ya jua yenye kichujio cha aina hiyo, kisha zungusha kikokotoo polepole: tarakimu zitafifia na kurudi.

Kazi hiyo hutaka umeme mdogo mno, ndiyo maana kipande kidogo cha sola kinatosha. Bukavu, ambako umeme hukatika ingawa mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni, hilo si jambo dogo. Ila usidanganyike: vingine vya bei ya chini kabisa vina sola ya kuchorwa tu, na kinachofanya kazi ni betri ndogo iliyo ndani.

Sasa mtihani. Karatasi za mabaraza ya mitihani, KNEC la Kenya na UNEB la Uganda, huruhusu vikokotoo visivyo na programu, tena vilivyo kimya. Neno kimya hunichekesha, lakini lina maana yake: kikokotoo kinacholia kila kitufe kinapobonyezwa huwasumbua wengine, na milio inaweza kuwa lugha. NECTA ya Tanzania nayo, pale inaporuhusu vikokotoo, hukataa vya programu.

Ufaransa ilichagua njia nyingine. Waraka wa mwaka 2015 ulitaka vikokotoo vya baccalauréat viwe na hali ya mtihani: kumbukumbu inafungwa, na taa ndogo inamwekamweka ili msimamizi aione. Kwa nini taa, na kioo kipo? Kwa sababu wanafunzi walishajua kutunga programu inayoandika kwamba kumbukumbu imefutwa, huku kila kitu kikiwa mahali pake. Kioo kinachojua kuandika kinajua pia kusema uongo, na msimamizi aliyekiamini amemwamini mwanafunzi.

Hata kile cha vijiti saba si malaika. Chenye nafasi 10 na kitufe cha kumbukumbu, M, hubeba majibu 10 ya kuchagua, ukikubali kwamba a ni 1, b ni 2, na kuendelea. Mtihani wa taifa wa Kongo, Examen d'État, ulioanza mwaka 1967, hauingii katika mtego huo kirahisi. Maswali yake mengi, yanayoitwa item, ni ya kuchagua jibu, lakini karatasi hutolewa kwa serie tofauti, yaani matoleo yasiyofanana. Namba iliyo sahihi kwenye meza yako ni upuuzi kwenye meza ya jirani. Kwangu mimi huo ni ulinzi bora kuliko taa yoyote, kwa kuwa haujali kama umeingia na kikokotoo, kikaratasi au shingo ndefu. Hauzuii maswali kuvuja kabla ya siku yenyewe, lakini hilo hata taa hailizuii.

Mzazi unayempeleka mtoto kusoma Uganda au Kenya, kabla ya kulipa pale sokoni Kadutu au Nyawera, washa kikokotoo na utazame vitufe kimoja kimoja. Ukikuta kimeandikwa PROG au PRGM, kirudishe mezani.