Kumsoma Hasimu Kabla ya Kengele

Katika vibanda vya video vya Nyarugusu, machimbo ya dhahabu huko Geita, ambako vijana waliotoka maduarani hukusanyika jioni kutazama mapigano mchanganyiko, yaani yale yanayoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini katika pambano moja, macho ya watazamaji aghalabu huifuata ile ngumi iliyomlaza mtu; na kwa aliyelipa kiingilio chake, hiyo ni haki yake. Kocha aliyekabidhiwa kumwandaa mpiganaji, walakini, hana budi kuutazama mkanda uleule kwa jicho jingine, kwani linalomhusu yeye si namna hasimu alivyoshinda, bali ni namna anavyosimama, anavyopumua na anavyorudi nyuma pale mambo yanapomwendea kombo. Mchimbaji mwenye maarifa hauhukumu mwamba kwa mbale moja iliyong'aa. Kadhalika mpiganaji hahukumiwi kwa ushindi wake uliovuma, na mimi huanza daima na mapambano aliyoshindwa, na yale aliyoshinda kwa taabu.

Mara ya kwanza mkanda utazamwe mfululizo pasipo kuusimamisha, na sauti izimwe, maana mtangazaji humtia mtu maoni yasiyo yake. Mara ya pili itazamwe miguu peke yake: ni mguu upi unaotangulia, anazungukia upande gani, na akisukumwa hadi kwenye wavu unaouzunguka ulingo hutokea kushoto au kulia. Kisha mikono, hasa ule unaorudi baada ya kupiga, kwa kuwa wengi hurusha ngumi vema lakini huirudisha chini ya kidevu, na kadiri uchovu unavyozidi ndivyo inavyozidi kushuka. Akiwa chini, nadadisi namna anavyoinuka: yuko anayejisogeza hadi wavuni akainuka ameegemea, na yuko anayegeuka kifudifudi na kumpa mwenziwe mgongo, jambo ambalo ni sawa na kumkabidhi shingo. Wala nisisahau ile dakika moja ya mapumziko baina ya raundi, kwani mtu asiyemsikiliza kocha wake wakati huo hatabadilisha mpango hata akishauriwa vipi.

Mfano ulio bayana kuliko yote niujuao ni wa Francis Ngannou, mzaliwa wa Batié nchini Kameruni, ambaye utotoni alifanya kazi ya kuchimba mchanga, kazi ambayo kijana wa Nyarugusu hahitaji kuelezwa uzito wake. Alipopanda ulingoni mjini Boston tarehe 20 Januari 2018 kuwania ubingwa wa uzito wa juu wa UFC, shirika la mapigano mchanganyiko, alikuwa ameshinda mapambano 6 mfululizo katika shirika hilo, na hapana hata moja lililoifikia raundi ya tatu. Walimwengu wakaiona nguvu. Lakini mwenye kutaamali angaliona ndani ya ushindi huohuo swali lisilojibiwa, nalo ni hali ya mtu huyu pindi pambano litakaporefuka. Bingwa Stipe Miocic, aliyekulia katika mieleka, alilijibu kwa vitendo: akazikwepa ngumi za mwanzo, akamwangusha tena na tena, akamlalia hadi pumzi zikamwishia, na baada ya raundi 5 majaji wote watatu wakampa pointi 50 kwa 44.

Waliporudiana Las Vegas tarehe 27 Machi 2021, yeyote aliyeushika mkanda wa Boston kama hati ya milele angalipotea. Ngannou alipiga kwa kiasi, akitunza pumzi. Miocic alipojaribu kumwangusha, Ngannou alimzuia, akamzunguka na kumpiga. Na katika raundi ya pili ubingwa ukahama.

Tena, tarehe 22 Januari 2022, huko Anaheim, California, Ngannou alikutana na Ciryl Gane, Mfaransa aliyewahi kufanya naye mazoezi Paris, na ambaye kocha wake, Fernand Lopez, ndiye aliyemfundisha Ngannou alipouanza mchezo huu. Ni upelelezi gani utakaoupita huo, wa mtu kumjua hasimu kwa kushikana naye mwili? Hata hivyo Ngannou, goti lake likiwa na jeraha, na akiwa amezidiwa katika raundi za mwanzo, aliigeukia mieleka ambayo miaka minne kabla ndiyo iliyomwangamiza, akamwangusha Gane na kushinda kwa pointi. Kwa sababu hiyo naamini kila dokezo liandikwe pamoja na tarehe yake, na mapambano mawili ya karibuni yapewe uzito zaidi kuliko kumi ya zamani.

Huku kwetu mikanda ni haba, na uhaba huo hukata pande mbili: hutunyima habari za hasimu, na humnyima hasimu habari zetu. Bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, tarehe 8 Septemba 2018, pambano hilo lilikuwa la ndondi, na Waingereza wengi ndiyo kwanza walikuwa wakilisikia jina lake. Kocha wa Geita au Kahama asiyepata mkanda wa hasimu na afunge safari, akae ukumbini karibu na ulingo, na amtazame kwa macho yake.

Yote aliyoyakusanya, hata yakijaza daftari zima, yapunguzwe hadi mawili au matatu yanayoweza kuzoezwa na mwili, na atafutwe mwenza wa mazoezi wa kimo kilekile atakayeyaigiza kila siku mpaka jibu lije bila kufikiri. Kengele ikilia, dakika ya kwanza itumike kuhakiki: mpiganaji atishie kuangusha, atishie teke, aone kama mkono ule unashuka kama ulivyoshuka mkandani. Usiposhuka, kocha aseme hivyo waziwazi katika mapumziko ya kwanza, na mpango wa pili, ambao ulipaswa kuzoezwa tangu kambini, uanze.