Rangi ya Kuzuia Mwani na Chaza

Vyama vyenye mashua Kivukoni huuliza kama rangi ya kuzuia mwani, chaza na viumbe wengine wa magamba ina faida, ama ni fedha za wanachama zinazotupwa baharini. Faida ipo, ila si ya daima. Rangi hiyo hutoa sumu ya shaba kidogo kidogo majini. Sumu ikiisha, chaza hurudi, hasa kwa mashua ilalayo bila kusafiri.

Anunuaye Kariakoo asome kopo. Rangi ya milango haina shaba hata ikifanana. Nimekuta hati ya malipo imeandikwa "rangi" tu; haitoshi. Zenye sumu ya bati zisinunuliwe: mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, umezikataza.

Deheni ya wazee, yaani shahamu na chokaa, bado yafaa, mradi irudiwe mara kwa mara maji yakipwa.