Santuri Zilizoachwa na Wakati

Kila chombo cha kuonyeshea sinema nyumbani huingia katika masoko yetu kwa bei ya matajiri na kutoka kwa bei ya mafukara, na baina ya siku hizo mbili hupita muda mfupi kuliko alivyotarajia mnunuzi wa kwanza. Mikanda ya VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ilizikwa rasmi Julai 2016, kampuni ya Funai, iliyokuwa imebaki peke yake katika kutengeneza deki zake, ilipoacha kazi hiyo. Lakini santuri za VCD, ambazo ndizo zilizoirithi mikanda hiyo katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa, hazikupata hata heshima ya kutangaziwa matanga, maana zilikufa kimyakimya, duka baada ya duka, vijana walipoanza kujaziwa sinema katika fleshi na simu. Leo mtu anayezunguka Mwanza kwa miguu, kutoka Makoroboi mpaka Mlango Mmoja, na kutoka hapo mpaka Kirumba, hakosi kuziona mahali fulani, zimepangwa juu ya turubai baina ya chaja za simu na rimoti kuukuu, au zimerundikwa katika boksi lililolowa pembe moja, na mwenye mali hajui kama anauza bidhaa au anatafuta wa kumwondolea takataka.

Santuri ya VCD kwa umbo lake si kitu kigeni. Ni sidii ile ile ya muziki, yenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, ila iliyojazwa picha zilizobanwa kwa kanuni ya MPEG-1, kwa taratibu zilizowekwa mwaka 1993 na makampuni ya Philips, Sony, Matsushita na JVC. Nafasi yake haizidi sana dakika 74, na kwa sababu hiyo sinema ya kawaida ilihitaji santuri mbili, na sinema ya Kihindi, yenye nyimbo zake na machozi yake na harusi yake ya mwisho, ilihitaji tatu. Jambo hili dogo la kihesabu ndilo lililozaa taabu kubwa kuliko zote kwa mnunuzi wa leo, yaani santuri yatima: ya kwanza ipo, ya pili ilikopeshwa kwa jirani mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na hadithi inakatika pale pale shujaa anapofungwa kamba.

Watengenezaji wa Marekani na Ulaya hawakuijali sana VCD, lakini Bara la Asia liliipokea kwa mikono miwili, na deki za bei nafuu za viwanda vya China zikaifikisha kwetu. Sinema za Bongo, zilizoanza kusambazwa kwa mikanda ya VHS, zilihamia katika santuri, na kampuni ya Steps Entertainment ya Dar es Salaam ikawa msambazaji mkubwa ambaye nembo yake ilijulikana hata kwa watoto wasiojua kusoma. Kanda ya Ziwa ilizipenda sinema hizo kwa sababu yake ya pekee, kwa kuwa Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alikuwa mwana wa Shinyanga. Na mpaka leo muuzaji akiona sura yake juu ya kava, hata kava lililofifia, hupandisha bei kidogo kabla hujafungua kinywa.

Fauka ya hizo, ziliingia sinema za ng'ambo zilizosimuliwa kwa Kiswahili, ambazo mabingwa wake walijulikana kuliko waigizaji wenyewe. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa akiyafunika maneno ya wageni kwa sauti yake, akifasiri, akiongeza, akitania, na kumpa jambazi wa Hong Kong tabia ambazo mtunzi wake hakuzikusudia. Kazi hizo hazikuwa na idhini ya wenye sinema, na sina haja ya kuzitetea mbele ya sheria. Lakini ni sanaa iliyozaliwa kwetu, ikachezwa katika vibanda umiza vya mijini na vya visiwani, na sehemu yake kubwa haikuhifadhiwa po pote isipokuwa katika santuri hizi zinazouzwa kama taka.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaodhani kwamba urakhisi ni bei tu. Sinema mashuhuri ya Marekani iliyo katika VCD si rakhisi hata ukipewa bure, kwa kuwa picha yake ina nukta 352 kwa 288, hali ile ile ya DVD ina 720 kwa 576, na sinema hiyo hiyo inapatikana mahali pengine ikiwa safi mara nyingi zaidi. Kwa upande mwingine, santuri ya kwaya ya Mwanza iliyorekodiwa juu ya majabali ya ziwa, waimbaji wamevaa sare za kushonwa na fundi mmoja, kamera ikitetemeka kwa upepo; au santuri ya manju wa Kisukuma na wachezaji wake wa kundi la Bagika wakishindana na wale wa kundi la Bagalu mbele ya umati uliojipanga vumbini; hiyo, ukiipata kwa bei ya kikombe cha chai, umeokota mali. Zilitengenezwa kwa idadi ndogo, zikauzwa makanisani, minadani na katika vituo vya mabasi, na baadhi yake hazikupandishwa kamwe katika intaneti. Kazi za kwaya zenye sifa kama ya vijana wa AIC Makongoro bado zina watu wa kuzitunza. Ni zile za kwaya ndogo za Magu, Sengerema na Ukerewe zinazopotea.

Basi zitafutwe wapi? Makoroboi ya zamani, ambako wamachinga walijaza njia hata mtu akapita ubavuubavu, haiko tena kama ilivyokuwa, maana mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za miji mingi nchini na kupelekwa katika maeneo waliyotengewa, na katika kuhama kule maboksi mengi ya santuri yalitupwa kwa sababu hayakustahili nauli ya mkokoteni. Yaliyosalia yako kwa mafundi redio, ambao huletewa deki mbovu pamoja na santuri zilizokwama ndani yake. Yako pia kwa wenye maktaba za zamani za kuazimisha video, ambao walifunga milango lakini hawakuwa na moyo wa kuchoma akiba yao. Na huyu ndiye muuzaji bora kuliko wote, kwa kuwa anauza kwa boksi, si kwa moja moja, na ndani ya boksi lake santuri za kwanza na za pili bado zimekaa pamoja. Na mtafutaji wa kwaya asione haya kuuliza makanisani, kwani mweka hazina wa kwaya aghalabu ana katoni chini ya meza ambayo haikwisha kuuzwa.

Anayenunua moja moja ahadhari na macho yake mwenyewe, maana wauzaji wetu wanasoma uso upesi kuliko wanavyosoma kava. Karibu na Mlango Mmoja nilimwona mzee mmoja, mtu wa makamo yangu, akiinua santuri ya ngoma, akaitazama, akairudisha, akachukua tatu za sinema za ngumi asizozitaka, kisha akaichukua tena ile ya ngoma kana kwamba anajazia tu hesabu.

“Hiyo orijino, mzee,” kijana akamwambia. “Hiyo pekee elfu mbili.”

“Kijana wangu, ya pili yake iko wapi?”

“Ya pili ipo nyumbani.”

“Basi na hela ya pili ipo nyumbani.”

Kijana akacheka, akaifuta kwa fulana yake, akampa zote nne kwa elfu moja, na mzee akamshukuru kwa Kisukuma, “wabeja”, na kuondoka polepole, asionyeshe furaha mpaka alipofika kona.

Ile ya kuifuta kwa fulana, hata hivyo, ndiyo desturi mbaya kuliko zote, kwa sababu kijana aliifuta kwa kuzungusha. Habari za picha zimeandikwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka kitovuni kwenda ukingoni, na deki ina hesabu ya kujisahihishia inayoweza kuvuka pengo fupi. Mkwaruzo unaokata njia kutoka ndani kwenda nje huivunja mistari mahali padogo padogo na aghalabu hausikiki, bali mkwaruzo unaofuata mzunguko hula sehemu ndefu ya mstari ule ule, na hapo picha huganda. Kwa hiyo santuri hufutwa kwa kitambaa laini, kutoka kitovuni kwenda nje, kwa mstari ulionyoka.

Wanunuzi wengi huigeuza santuri na kukagua upande unaong'aa tu, wakasahau kwamba katika sidii na VCD utando wa madini unaorudisha nuru umelala chini ya chapa ya juu, umefunikwa na rangi nyembamba, ilhali upande wa chini umekingwa na plastiki nene. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukapungua. Jeraha la juu halina tiba. Iinue santuri mbele ya jua, uitazame kama unayechungulia chekecheke: ukiona vitone vya nuru vinapenya, utando umetoboka, na mahali hapo pamepotea. Katika hewa ya ziwa, ambapo nyumba nyingi hazikauki vizuri wakati wa masika, utando huo hushambuliwa kutoka ukingoni, nawe utaona doa la rangi ya shaba au weupe unaotambaa kuelekea ndani.

Orijino hutambulikana kwa rangi na kwa maandishi. Iliyopigwa chapa kiwandani ni nyeupe ya fedha upande wa chini, na katika pete ndogo inayozunguka kitovu, ukiigeuzageuza juani, mara nyingi utasoma herufi IFPI zikifuatwa na alama za kiwanda. Iliyochomwa kwa kompyuta ina chini yenye kijani, buluu au zambarau, kwa kuwa ndani yake mna rangi inayounguzwa na mionzi, na rangi hiyo haipendi jua. Kuinunua santuri ya namna hiyo iliyokaa mwaka mzima juu ya turubai ni kununua bahati nasibu. Walakini kuchomwa peke yake si dalili ya wizi, kwani kwaya nyingi ndogo zilichoma kazi zao zenyewe. Dalili nyingine ni stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kubandikwa juu ya kazi za muziki na filamu mwaka 2013, ambayo ikiwapo juu ya kava hukusaidia pia kukadiria umri wa toleo.

Kwa DVD kuna neno jingine la kuongeza. Dunia iligawanywa katika maeneo, na Tanzania ikawekwa katika eneo la 5, hali Uingereza iko la 2 na Marekani la 1, hata DVD aliyokuja nayo ndugu kutoka London ikakataliwa na deki inayofuata amri. Bahati yetu ni kwamba deki nyingi za China hazikuijali amri hiyo, na VCD hazikuwa na mgawanyo huo kabisa. Bali ndugu huyo akikuletea santuri yenye kava jekundu iliyoandikwa HD DVD, mshukuru kwa wema wake na usitoe hata senti. Huo ni muundo wa Toshiba ulioingia sokoni mwaka 2006 kushindana na Blu-ray ya Sony. Kampuni ya sinema ya Warner ikauacha mkono tarehe 4 Januari 2008, na tarehe 19 Februari mwaka huo huo Toshiba wenyewe wakasalimu amri. Santuri zake zikauzwa huko kwa bei ya kutupa, na wakusanyaji wa nchi hizo wakafurahi. Lakini deki ya DVD haizisomi, wala ya Blu-ray ya kawaida haizisomi.

Kuna jambo moja lisilohusu bei. Ndani ya maboksi haya mara kwa mara hukutwa santuri za harusi, za ubarikio na za mazishi, zimeandikwa kwa kalamu jina la familia na tarehe. Maskini aliyeiuza deki yake huenda hakujua kwamba santuri ya siku ya mama yake ilikuwa bado ndani. Hizo sizinunui kwa kujistarehesha. Humwomba fundi amtafute mwenyewe, na mji wetu, pamoja na ukubwa wake wote, bado una watu wanaojuana.

Limebaki suala la deki, ambalo wengi hulikumbuka baada ya kujaza kabati. Santuri mia bila deki ni visahani tu. Runinga za kisasa zilizo bapa huikuza picha ya VCD mpaka nyuso zinakuwa miraba, hivyo anayetaka kuiona kama ilivyokusudiwa atafute TV ya chogo, ambayo mafundi huitoa kwa bei ndogo ili wapate nafasi. Sehemu ya deki inayochoka kwanza ni lenzi. Kabla ya kuihukumu, isafishwe kwa pamba na spiriti kidogo, kwani vumbi la Mwanza limezizika lenzi nyingi zikiwa hai. Na anayejua kwamba ataendelea na kazi hii anunue deki mbili za aina moja, ya pili ikiwa mbovu kwenye mota au kwenye mlango lakini nzima lenzini, maana hiyo ndiyo itakayotoa lenzi siku ya kwanza itakapokataa, na bei ya zote mbili kwa mafundi wetu mara nyingi huwa chini ya bei ya king'amuzi kimoja.