Walilala Mbele ya Tingatinga

Sisi watu wa pwani Mkamba tunamjua kwa tezo na patasi. Apitaye Changamwe huwaona wachongaji chini ya vibanda vyao, miguu imezama katika vipande vya mpingo na muhugu, na watalii wamewazunguka. Ndipo tukadhani kwamba hiyo ndiyo kazi waliyoumbiwa. Lakini, ndugu msomaji, siku utakapokuta barabara inapasuliwa, iwe ni Kwale au Lamu au njia ya Garsen, msubiri yule aliye juu ya greda ashuke kunywa maji, umuulize kwao ni wapi. Mimi nimeuliza mara nyingi, kwa kuwa ni desturi yangu mbaya kuuliza watu mambo, na si mara moja nimejibiwa kuwa ni Ukambani. Wawili walinitajia Masii.

Masii ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Machakos, upande wa Mwala. Nilifika huko nikimsindikiza rafiki yangu, mchongaji wa Changamwe, aliyekuwa akienda kumzika shangazi yake. Mazishi yakesha, tukakaa siku tatu. Jirani ya nyumba hiyo anaishi mzee mmoja aliyeendesha mitambo ya barabara tangu ujana wake hadi alipostaafu. Hakupenda jina lake litiwe gazetini, nami nimeheshimu neno lake.

Nilimuuliza, "Mzee, wewe kazi hii uliianzaje?"

Akacheka. Akaniambia kwamba nimeanza hadithi katikati. Huko Ukambani, alisema, kabla mtu hajafikiri kupanda juu ya mtambo, alifikiri kwanza namna ya kuuzuia.

Na kweli, habari hiyo imo katika historia. Miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa. Makorongo yamekatika kila upande, udongo mwekundu unachukuliwa na mito kila mvua inyeshapo. Serikali ya kikoloni ikaamua kwamba kosa ni la ng'ombe, kuwa ni wengi mno, nayo mwaka 1938 ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu. Haikusema lolote juu ya malisho mapana yaliyokuwa yamechukuliwa na walowezi mpakani mwao. Wakamba wakatoka kwa miguu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Aliyewaongoza alikuwa Muindi Mbingu, ambaye jina lake limebaki katika barabara moja ya katikati ya Nairobi. Wasomaji wa Lamu huenda wakaijua habari hii kwa upande wao, maana huko ndiko alikohamishiwa Muindi Mbingu baada ya kukamatwa. Mtu wa nchi kavu, aliyezoea ng'ombe na vilima, akatupwa kisiwani penye madau na mikandaa. Hata hivyo ng'ombe waliokuwa hawajauzwa walirudishwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha 1945, serikali ikaja na dawa nyingine. Safari hii ilileta matrekta, ili yachimbe makingamaji katika mashamba. Kule Matungulu, kaskazini mwa Machakos, watu walikwenda wakalala chini mbele ya mitambo. Hawakuwa na silaha. Walilaza miili yao juu ya udongo wao, na dereva akabaki na shauri moja tu, nalo ni kuzima injini.

Mtu wa leo ataona kuwa huo ni ujinga wa kukataa maendeleo. Mimi siuoni hivyo. Hofu yao ilikuwa na hesabu yake: shamba litakalolimwa na mtambo wa serikali, kesho serikali itasema ni lake. Vilima vya Mua vilikuwa mbele ya macho yao, navyo vilikuwa mikononi mwa Wazungu. Tena sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba huku kwetu ajitokeze kudai na kuthibitisha, na asiyedai ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wangapi walilala na mashamba wakaamka maskwota? Sisi tulinyang'anywa kwa karatasi. Wao waliogopa kunyang'anywa kwa chuma.

Hivyo ardhi ya Machakos ilitengenezwa kwa jembe. Vikundi vya kusaidiana ambavyo wao huviita mwethya, na wengi waliomo ni wanawake, vilichimba matuta kilima baada ya kilima. Njia waliyoishika ni ile ya kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, nayo ikaitwa "fanya juu". Ukiutupa udongo chini, ni "fanya chini". Maneno haya mawili ya Kiswahili, yaliyosemwa na watu wenye karai na sururu, leo yamo katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi bila kutafsiriwa, na sidhani kama kuna shairi letu lililosafiri mbali kiasi hicho. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos. Humo walionyesha kwamba tangu 1930 hadi 1990 watu waliongezeka takriban mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua.

Lakini jembe lina mpaka wake. Bwawa kubwa la kunyweshea mifugo halichimbwi kwa karai, wala barabara haisawazishwi kwa sururu. Katika mpango wa ALDEV, ulioanza 1946, mitambo iliendelea kuja Ukambani, na kidogo kidogo watu wakauzoea mngurumo wake. Wakauita kwa majina. Trekta ni tingatinga, na asiyeusikia mlio wa injini ya zamani ndani ya neno hilo, basi hana sikio. Mtambo wa minyororo ni katapila, jina lililotoka Marekani, ambako Benjamin Holt alijaribu mtambo wake wa minyororo mwaka 1904 huko California, na aliyeutazama ukitambaa akaufananisha na kiwavi. Kiwavi anayekula mlima!

Nani basi atakayeviendesha viwavi hivi? Wa kwanza kuaminiwa walikuwa askari waliorudi vitani. Wakamba wengi waliandikwa katika jeshi la K.A.R., na baadhi yao walirejea kutoka Burma wakijua kuendesha malori na kuitambua injini iliyo mgonjwa. Vita ni mwalimu mwenye ada ghali. Hata ule uchongaji wa Changamwe ulianza namna hiyo: Mutisya Munge wa Wamunyu, mji ulio jirani na Masii, aliupata ufundi Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaja nao kwao.

Hao maaskari wakawa madereva, na kila dereva akawa na kijana wake. Kijana huyo ndiye taniboi. Hapa ndipo mzee wangu wa Masii anapoingia. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alikwenda kambi ya barabara kutafuta kazi ya kubeba mawe, akapewa bomba la grisi.

Sisi tuliosoma chuoni tunajua maana ya alifu kwa kijiti. Alifu ya katapila ni grisi. Alfajiri, kabla ya dereva kuamka, taniboi huupitia mtambo mzima na kutia grisi kila kiungo, akafuta vumbi, akatazama kimo cha mafuta na maji, akaichunguza minyororo kama imelegea au imekaza mno. Mzee alinihesabia viungo hivyo kwa vidole huku amefumba macho, kama mtoto anayesoma juzuu kwa moyo.

Kisha kuwasha. Mitambo mingi ya dizeli ya enzi hizo haikuwashwa kwa kugeuza ufunguo. Kando ya injini kubwa kulikuwa na injini ndogo ya petroli, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuiamsha ile kubwa. Taniboi aliiwasha ndogo kwa nguvu za mkono, akaingoja ishike moto, akaiunganisha na kubwa, ile kubwa ikazungushwa mpaka ikapata joto, ndipo dizeli ikafunguliwa. Husemwa kwamba jina la taniboi latokana na kuzungusha huko, kwa lugha ya Kiingereza. Hendeli ikikurudi, mkono umevunjika. Mzee alininyoshea kifundo cha mkono wake wa kulia, ambacho hakikukaa sawa tena.

Mwaka na zaidi ulipita hajagusa usukani wala kishikio. Siku moja nyapara alikwenda mjini, dereva akashuka kula. Akamwambia bila kumtazama, "Hebu ipeleke pale kivulini." Hatua ishirini! Mzee anazikumbuka zote. Katapila haina usukani: waachilia upande mmoja wa minyororo, upande wa pili ukaendelea, nao mtambo ukageuka. Alikwenda hatua kumi akijua anakwenda mbele, na kumi zilizobaki akaelekea kwenye sufuria ya ugali ya kambi nzima. Dereva hakumpiga. Alimwambia tu kesho asiangalie bamba la mbele, aangalie mahali anapokwenda.

Tangu hapo alipanda ngazi kama walivyopanda wote: rola kwanza, kwa sababu rola hata ikikosea hukosea polepole, kisha shoveli ya kupakia malori, kisha katapila, na mwisho kabisa greda. Greda ni mtambo wa mabingwa. Lile bamba refu la katikati lazima liinuliwe na kulazwa kwa kipimo cha kidole, barabara ibaki na mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni. Katika greda za kale vishikio viliunganishwa na injini kwa meno ya chuma, na bamba likigonga jiwe, kishikio kilimpiga mtu mkononi. Bingwa hakutazama kipimo. Alisikia kwa makalio, samahani kwa neno hilo, lakini ndilo alilolitumia mzee, nami nakumbuka kuwa manahodha wetu wa Lamu husema mambo kama hayo juu ya jahazi na mkondo.

Nilimuuliza kama alipata kuogopa. Akanyamaza. Kisha akanieleza juu ya taniboi mwenzake, kijana wa rika lake, katika kazi ya kampuni moja. Adhuhuri ya jua kali kijana yule alijilaza chini ya mtambo, kwenye kivuli, usingizi ukamchukua. Dereva alirudi na haraka zake, akapanda, akaondoa. Mzee hakuniambia zaidi. Aliniambia tu kwamba tangu siku ile, kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuwahi kupanda mtambo wowote pasi na kuuzunguka mzima kwa miguu, akiinama kutazama chini yake, na kupiga honi.

Siku hizi mlango wa kuingilia ni mwingine. Kuna chuo cha barabara na majengo cha Nairobi, KIHBT. Kuna Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa 1964, inayowafunza wavulana na wasichana. Kuna mitihani ya NITA kwa madaraja. Na leseni ya mitambo ina herufi yake peke yake, G. Ilipojengwa reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, vijana wa Ukambani na wa kwetu pia walipata mara yao ya kwanza juu ya mitambo ya Wachina. Mambo haya ni mema. Mtu asiyejua sheria ya usalama hastahili kupewa chuma cha tani ishirini.

Ila mjukuu wa mzee huyu ana cheti. Alikitoa katika mfuko wa plastiki akanionyesha, safi, hakijakunjwa hata pembe. Kila anapokwenda kuomba kazi huulizwa swali moja: ana uzoefu wa miaka mingapi? Na uzoefu haupatikani ila kwenye kiti, na kiti hapewi asiye na uzoefu. Zamani kulikuwa na nyapara anayekwenda mjini na dereva mwenye njaa. Siku hizi mwenye mtambo anauchunga kutoka Nairobi kwa simu yake, ajua umewashwa saa ngapi na umekwenda wapi. Hatua ishirini za wizi hazipo tena, na sioni kilichowekwa mahali pake. Nasema hivi nikijua kwamba hatua kama hizo ndizo zilizoua watu wengine.

Wiki hiyo greda lilikuwa likisawazisha barabara ya udongo karibu na soko la Masii. Mzee, aliyekaa chini ya mwembe wake, alilisikiliza kwa mbali akasema dereva huyo anakanyaga mafuta kuliko kazi inavyotaka. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kwenda huko. Alikwenda kila alfajiri, bila mshahara, cheti amekiacha nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka kwetu basi lilisimama kungoja greda lipishe njia. Chini yake nilimwona yule kijana, miguu tu ndiyo iliyojitokeza, na bomba la grisi limelala kando. Dereva alishuka kibandani na kikombe chake cha chai. Akakiweka juu ya gurudumu, akaanza kuuzunguka mtambo kwa miguu, polepole, akiinama kila hatua chache kutazama chini.