Swali la Mwanafunzi Halizimwi

Nilipokuwa nikifunza hisabati huku Nyamira, mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza: “Mwalimu, nambari tasa zitatufaa nini sisi watoto wa wachuma chai?” Darasa likaangua kicheko. Badala ya kumjibu, nilimwamuru aketi. Hakuuliza tena. Deni hilo lingali shingoni mwangu, na leo napenda kulilipa hadharani.

Nambari tasa ni ile isiyogawika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mchuuzi wa ndizi pale Keroka aweza kuzipanga ndizi 12 katika mafungu ya tatu tatu au nne nne. Ndizi 13 zitamshinda: ama azitenge moja moja, ama aziache fungu moja. Jina ni tasa, lakini nambari nzima nyingine zote zipitazo 1 ni zao lake. 12 ni 2 mara 2 mara 3. Naye Euclid wa Alexandria, Misri, takriban mwaka wa 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa nambari tasa hazina kikomo.

Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant. Iandike 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, utapitisha siku 474 hujamaliza.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya wenye mitambo. La, hasha! Mwanafunzi mwenye penseli aweza kuijua tarakimu ya mwisho ya dubwana hilo. Mbili zikizidishwa mfululizo, majibu huishia 2, 4, 8, 6, kisha mzunguko huanza upya. Gawanya 136,279,841 kwa 4; baki ni 1. Basi zao huishia 2. Toa 1, na nambari yetu huishia 1. Hapo kompyuta haikuhitajika, ila akili iliyotulia.

Na manufaa je? Kuzidisha nambari tasa mbili kubwa ni jambo jepesi. Kulichambua zao lake hadi kuzipata zile mbili ni kazi ngumu mno. Juu ya ugumu huo zimejengwa baadhi ya kufuli zinazolinda siri na fedha kwenye mitandao, ingawa nambari zitumikazo huko huwa na tarakimu mia kadhaa tu.

Walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira, mchongaji wa Tabaka halitupi jiwe kwa sababu halijawa sanamu. Mbona sisi tulitupe swali kwa sababu limetuchokoza? Tukiwafunza watoto kukariri orodha ya 2, 3, 5 na 7 pasipo kuwaonyesha yaliyomo, tusistaajabu wakilichukia somo.

Nawe mwanafunzi wangu wa zamani, iwapo unausoma ukurasa huu, jibu lako ndilo hilo. Niwie radhi kwa kuchelewa.